Sake ya Noto katika Vikombe vya Mayai

Watu wakisikia kwamba nimekunywa pombe ya Wajapani, wanatoa macho, wanataka niwasimulie kana kwamba nilipanda meli. Sikupanda meli. Niliinywa hapa hapa Elisabethville, katika ukumbi wa serkle, chama cha wanaume wa Cité, mtaa wa watu weusi, Jumapili mchana, nimevaa viatu vinavyobana, mtoto mgongoni, matiti makavu. Nitawaeleza ladha yake, maana niliionja vizuri kuliko wanaume wote waliokuwa pale wakifumba macho na kunusanusa. Ila siwezi kuieleza kabla sijaeleza hasira niliyoingia nayo. Hasira ile ilikuwa mdomoni mwangu kabla ya kikombe.

Binti yangu alikuwa bado mchanga. Ananyonya, anaacha, analia, anashika tena, anavuta hewa tupu. Kilio chake kilikuwa kimebadilika. Mwanzoni kilikuwa kilio cha ugomvi, na mimi ugomvi wa mwanangu naupenda. Baadaye kikawa chembamba, kama bawaba inayotaka mafuta. Pale wanapopima watoto walinipa maziwa ya kopo. Akayatapika. Wakasema niongeze maji. Akatapika na maji. Ngozi ya mapaja yake ikaanza kukunjamana, nami nikawa namvalisha soksi ndefu hata kwenye joto la Oktoba, nisiione ile miguu.

Jirani yangu, mwanamke wa upande wa Kasomeno aliyenizidi umri, ambaye namwita Yaya, dada mkubwa, alimwangalia mtoto, kisha akaangalia kifua changu.

"Unakunywaka munkoyo?"

"Bwana yangu hapendi."

"Aa. Kumbe njo yeye ananyonyesha?"

Kwa asiyeujua munkoyo: unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe mpaka kidole kivumilie, halafu unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa ikawa nyuzinyuzi. Huweki sukari. Asubuhi unakuta ule uji uliokuwa ukishika mwiko umelegea wenyewe, umekuwa kinywaji, mtamu, una harufu ya udongo na ya mti uliomenywa sasa hivi. Ukiwa mpya hata padri anaweza kuunywa kabla ya misa. Ukikaa unakuwa mkali, na hapo wanaume wanaanza kuulizia. Kwetu mwanamke aliyejifungua anapewa ule mpya, anywe mpaka tumbo lilie kama mtungi. Shuleni masista walinifundisha vitamini, hili hawakunifundisha. Mimi najua nilichokiona: nilikunywa munkoyo wa Yaya siku chache tu, nikiwa nimeinama jikoni kwake kama mwizi, na blauzi yangu ikalowa mbele. Mtoto alinyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni.

Basi nikapika wangu, nyumbani kwangu, katika chungu changu. Bwana yangu akaukuta.

Bwana yangu ni karani, mtu wa Kasai, ana mwandiko mzuri kama wa kuchapishwa. Wakati huo alikuwa anaitafuta karte. Wenye kuishi hapa wanaijua: ile kadi ambayo mwanaume mweusi akiipata, Wazungu wanamhesabu kuwa amestaarabika, anaweza kununua divai dukani bila kufukuzwa, anaweza kupita mjini jioni bila kusimamishwa na polisi. Lakini kabla ya karte inakuja komisyo, Wazungu wa kukagua, mpaka nyumbani. Wanafunua mashuka. Wanafungua sufuria. Wanamuuliza mke uma zake ziko ngapi na anaziosha kwa kitu gani. Bwana yangu alikuwa akiingoja komisyo hiyo kuliko alivyongoja mtoto.

Alifunika chungu, akafunua tena, kama anayetumaini kwamba kitakuwa kimebadilika.

"Hii njo nini?"

"Munkoyo."

"Mi naona ni munkoyo! Mi nakuuliza inafanya nini mu nyumba yangu."

"Inafanya maziba ya mutoto."

"Komisyo ikikuta nyungu ya basenji, bantu ba pori, hapa, karte imekufa."

"Na mutoto akikufa?"

Alikibeba kile chungu kwa mikono miwili, taratibu, asichafue shati, akakimwaga kando ya choo. Kuku wa Yaya wakaja kunywa. Nikasimama nawatazama kuku wanavyonyanyua shingo kumeza, na nikaona kwamba katika uwanja wetu kuku wanapata kuliko mimi.

Wiki ile ile ndipo ilipokuja habari ya sake, hiyo pombe ya Wajapani. Mlezi wa serkle, Mzungu wa serikali ambaye pia alikaa katika komisyo, alikuwa amepata chupa kutoka kwa rafiki yake aliyezunguka nchi za mbali. Akaahidi kuwaonjesha wanaume wa serkle pamoja na wake zao, ili, alisema, tukuze ulimi. Ulimi wangu ulikuwa umekua zamani, ila hakuna aliyeuliza.

Bwana yangu akaanza mazoezi. Jioni anamimina maji ya bomba katika gilasi, anaishika chini kwa vidole viwili, anaizungusha, ananusa maji, anavuta kidogo na hewa mpaka yanalia kama mtoto mwenye mafua, anatazama dari.

"Unasikia nini?" nilimuuliza.

"Nyamaza. Niko natafuta bukee, harufu ya ndani."

"Mu maji ya bomba?"

"Njo maana unabakia nyuma," akasema, akazungusha tena.

Sasa vikombe. Mlezi alituma neno kwamba sake hainywewi kwa gilasi. Inataka vikombe vidogo sana, visivyo na mkono. Wakubwa wa serkle wakakaa, wakafikiri, wakapata: vikombe vya mayai. Hapa lazima nieleze. Kule fwaye, wanakofundishwa wanawake kushona na kupanga meza, walituambia kwamba mtu mstaarabu hula yai la kuchemsha likiwa limesimama ndani ya kikombe chake. Katika avenyu yetu nzima sijawahi kuona yai likisimama. Lakini kila mtu alijua komisyo inapenda kuviona kabatini, kwa hiyo palikuwa na seti moja, nyeupe yenye ukingo wa buluu, iliyotembea nyumba kwa nyumba mbele ya komisyo, ndani ya kikapu, chini ya majani ya mboga ya lengalenga. Wanawake tuliulizana njiani, "Kwenu ni lini?" na kikapu kinahama. Vikombe vile vilikuwa vimeona nyumba nyingi kuliko katekista. Yai havijaliona.

Basi Jumapili ile vikapangwa mezani, juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Mlezi alipoviona, aliuma mdomo. Masikio yake yakawa mekundu. Nilikaa karibu, niliyaona. Alijua, na hakusema neno, akawaacha wanaume wazima waliofunga tai wanywe pombe katika vishikio vya mayai, akajiwekea kicheko chake kwa ajili ya meza nyingine, kwa rafiki zake. Pale nilichukia wote wawili: yeye kwa kunyamaza, na wetu kwa kutabasamu.

Chupa ilikuwa ndefu, ya kahawia, maandishi yake yamesimama wima. Alitaka maji ya moto. Babula, jiko la makaa, ikawashwa uani, beseni juu yake, chupa ndani ya beseni kama mtoto anayeogeshwa. Huku ikipata joto, akatuhutubia kwa Kifaransa. Noto, alisema, ni ulimi wa nchi unaoingia baharini, upande wa baridi, theluji inafika madirishani. Sake ya huko hata Wajapani wa mji mkuu wengi hawaijui. Wakulima na wavuvi wanaacha kazi zao majira ya baridi, wanakwenda kulala kiwandani. Wanapika mchele kwa mvuke, wanaunyunyizia kuvu, wanaufunika ndani ya chumba cha joto, wanaamka kuutazama. Kuvu ile ndiyo inayoufanya mchele uwe mtamu, maana nafaka peke yake haina utamu wa kuchachuka.

"Na zamani sana," akasema, akainua kidole, "kabla ya kuijua kuvu, wanawake walikuwa wakiutafuna mchele na kuutema ndani ya chungu. Mate ndiyo yaliyofanya kazi."

Nikangoja. Nilitaka nisikie mtu mmoja akisema usenji. Mmoja tu.

"Kumbe!" akasema mkubwa wa serkle.

"Ustaarabu wa zamani kabisa," akasema bwana yangu, akitikisa kichwa kwa heshima, kama yuko kanisani.

Wanatafuna! Wanatema! Na mizizi yangu niliyoiosha maji matatu imenyweshwa kuku.

Tukamiminiwa. Kwanza ile ya moto. Nilisogeza pua juu ya kikombe na jambo la kwanza lililonijia lilikuwa sufuria ya wali, ule ukoko wa chini ulioshika rangi bila kuungua, ukiumwagia maji ili uachie. Nyuma ya hapo uyoga, si ule mbichi, ni ule ulioanikwa juu ya paa ukapata jua. Na mbali kabisa, ndizi iliyolegea ganda. Mdomoni iliingia bila kubisha. Sikusikia makali ya lutuku, ile ya kuchemshwa inayokwaruza koo. Hii ilikuwa laini, karibu nzito, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele yangekuwa na akili. Halafu utamu, mfupi. Halafu utamu ukajiondoa, ukaacha kitu kikavu pembeni ya ulimi, chenye chumvi kidogo, cha mchuzi wa samaki mkavu. Joto likashuka mpaka kifuani, likatulia.

Ya baridi ilikuwa mbaya zaidi, au chupa ilikuwa imechoka. Safari ya bahari na reli si mchezo. Iligeuka njano, ikanuka mbao za sanduku, na ule utamu ukajificha. Ilifanana na mgeni aliyekaa kimya kwa sababu amegombana na mwenyeji. Nilimaliza, maana sikufundishwa kumwaga.

Nitasema haki: ya moto ilikuwa nzuri. Haikuwa ya ajabu. Ilikuwa nzuri kama kazi iliyofanywa na watu wasiolala. Na kadiri nilivyoizungusha mdomoni ndivyo nilivyoitambua. Si ladha, maana mchele si mahindi. Niliutambua mwili wake, ule ulaini wa nafaka iliyofunguliwa na kitu kingine, ikatoa utamu ambao yenyewe ilikuwa imeubana. Nimekunywa hicho kitu tangu sijaota meno.

Huku nyuma wanaume walikuwa wanashindana.

"Ina finesi," mmoja akasema.

"Inanikumbusha divai ya Burgonye," akasema bwana yangu.

Burgonye! Mtu ambaye ameonja divai ya misa tu, siku ya ndoa yetu, na alikohoa.

Mlezi akawageukia wanawake, kwa adabu ya kumalizia. "Na Madamu anasemaje?" Bwana yangu akanigusa mguu chini ya meza kwa kisigino. Tulikuwa tumeshakubaliana nyumbani: niseme ni nzuri, nishukuru, nifunge mdomo. Mtoto mgongoni akaanza kile kilio chake chembamba.

"Ni munkoyo," nikasema.

Kisigino kikakanyaga kidole changu.

"Ni munkoyo wa mchele," nikasema tena, kwa Kifaransa chao, ili pasiwe na wa kunitafsiria vibaya. "Wao wanatumia kuvu, sisi tunatumia mzizi. Kazi ni moja. Ila sisi hatutemi mate."

Mke mmoja akacheka, akaficha uso katika kitambaa. Mlezi hakukasirika. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama kasuku aliyetamka vizuri.

"Munkoyo? Sijaonja kamwe. Wiki hii tunapita kwenu, Madamu. Utaniwekea."

Mngemwona bwana yangu! Ule uso uliokuwa umekufa ukafufuka. Njiani kurudi alitembea mbele, mikono nyuma, tayari anapanga.

"Kesho utapika munkoyo."

"Yenye ulimwaga?"

"Ile ilikuwa ingine. Hii mukubwa njo ameomba."

"Miye niliomba. Mutoto yako aliomba, tena kwa kulia."

"We nawe, unachanganyaka bintu. Tutatia mu karafu, chupa ya bazungu. Munkoyo mu karafu haina usenji."

Nilisimama katikati ya njia. Mwanaume huyu hakuwa anachukia munkoyo hata siku moja. Alikuwa anangoja tu Mzungu auone kwanza, ndipo naye aruhusiwe kuuona. Maziwa ya mwanangu yalikuwa yanangoja ruhusa hiyo hiyo.

Nilipika. Mizizi alinipa Yaya, na alinicheka huku ananipa.

"Sasa njo nyungu imebatizwa," akasema. "Mama ya mutoto, kunywa ya kwako mbele. Bakubwa bana kiu ya kutembea tu."

Asubuhi munkoyo ulikuwa umeiva, mweupe kama maji ya chokaa, mtamu vizuri. Bwana yangu akauchuja mwenyewe kwa kitambaa cha chai. Akajaza karafu ya kioo aliyoiazima serkle, akaifunika kwa kizibo chake, akaiweka juu ya kabati juu ya kile kitambaa nilichofuma fwaye. Kilichobaki akakitia katika chupa, akazipanga nyuma ya karafu kama askari. Chungu kikabaki na nyuzi za mizizi.

"Na miye?"

"Utakunywa yenye itabakia."

"Bakikosa kuya leo?"

"Tutangoja. Usiguse."

Hawakuja. Mtoto alinyonya akavuta hewa. Nikampa maji ya kijiko. Asubuhi iliyofuata bwana yangu akatazama karafu kwenye mwanga, akasema bado iko sawa, akarudia usiguse, akaenda ofisini. Niliketi kitini na mtoto mapajani. Hakulia. Hilo ndilo lililoniondoa kitini. Alikuwa amefungua mdomo, ameugeuzia kwangu, na hakuna sauti inayotoka.

Nikaipanda stuli. Nikaishusha karafu, nikatoa kizibo, nikanywa pale pale kwenye mdomo wa kioo, bila gilasi, mpaka ukanimwagikia shingoni, nikairudisha tupu juu ya kabati. Ulikuwa umeanza kuuma kidogo, bado mtamu. Nikapumzika, nikanywa chupa ya kwanza. Nikala bukari baridi, ugali wa jana, nikanywa ya pili. Sikunusa. Sikuzungusha. Kama mnataka kujua bukee yake, ilikuwa harufu ya mtu anayefanya kinachompasa. Yaya alipita dirishani, akaniona nimekaa chini na chupa ya tatu, akasema, "Eee, njo vile," akaendelea na safari yake ya sokoni.

Mchana ulipopita kidogo nikaanza kusikia ule uzito, ule unaochoma kama sindano ndogo kuanzia kwapani. Nikamweka mtoto. Alivuta mara moja, akashtuka, akakohoa, kwa sababu yalikuja mengi. Akashika tena kwa hasira. Hasira yenyewe ilikuwa imerudi. Nikaisikia shingo yake ikifanya kazi.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Bwana yangu mbele, anatokwa jasho, nyuma yake mlezi na Wazungu wengine wawili waliovua kofia. Mmoja akaenda moja kwa moja jikoni. Nikasikia vifuniko vya sufuria vinapigwa. Mlezi akanisalimu, akasugua viganja.

"Basi, Madamu. Ule munkoyo maarufu?"

Bwana yangu akainua mkono juu ya kabati bila kutazama, kama mtu anayeonyesha mchezo alioufanyia mazoezi. Karafu ilikuja nyepesi kuliko alivyotegemea, nusura impige usoni. Ndani palikuwa na unyuzi mmoja wa mzizi umelala chini.

"Uko wapi?" akaniuliza, sauti ndogo.

"Nimekunywa."

"Yote?"

"Yote."

Akawageukia, akasema kwa kile Kifaransa chake cha ofisi kwamba Madamu hajisikii vizuri tangu alipojifungua. Nikasema, kwa Kifaransa hicho hicho, kwamba najisikia vizuri sana, na kwamba huyu hapa ndiye aliyekuwa hajisikii, na nikamwonyesha kwa kidevu. Mlezi akatazama kifua changu, akatazama pembeni, masikio yakawa mekundu tena. Yule wa jikoni akatoka akauliza kwa nini kuna chungu cha udongo. Mambo ya karte, kama ilikuja au ilikwenda wapi, ni ya bwana yangu kusimulia. Ana mwandiko wa kutosha.

"Simama basi," akaninong'oneza. "Salimia bakubwa. Simama."

"Akimaliza."

"Sheri, mupenzi, nakuomba."

Titi la kushoto lilikuwa limelegea. La kulia lilikuwa bado gumu, linadondosha lenyewe juu ya soksi ya mtoto. Wote wanne walikuwa wamesimama, kofia mikononi, wananingoja. Nikamgeuza upande wa pili.